Jina Chini ya Hati

Umeniuliza, Rayhana, kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne,
nimeusikiliza mara mbili nikiosha vyombo.
Ofa mbili mezani, uende wapi.

Mie pia zilikuwa mbili.

Ya kwanza Al Khuwair, orofa ya saba,
lifti ya kioo yenye harufu ya udi,
mawakili arubaini na mpishi wao.
Bibi Lamya alinimiminia kahawa, akanisogezea tende:
kampuni za ng'ambo, akasema, hutuletea hataza kwa katoni.
Nikauliza, na mie nitafanya nini?
Utasoma, akasema.
Miaka miwili, mitatu, utasoma na kutia kurasa namba,
halafu tutaona.
Hakunidanganya. Namshukuru kwa hilo hadi leo.

Ya pili Ruwi, juu ya fundi wa cherehani,
kiyoyozi kikidondosha maji kwenye ndoo ya rangi,
mafaili hadi juu ya friji.
Mshahara nusu, na hiyo nusu ikichelewa usishangae.
Wakili Mundhir hakutazama alama zangu za chuo.
Alinisukumia makopo mawili ya halua:
Lipi la kweli?

Birika lile lile la dhahabu,
herufi zile zile zilizojikunja kama mkia wa nge.
Nikageuza, nikanusa, nikasoma hadi chini.
Sijui, nikasema.
Akacheka. Na mnunuzi naye hajui.
Hiyo ndiyo kesi. Ni yako, Jumatatu ijayo.

Mama hakusema neno,
alikata vitunguu kwa nguvu kuliko vilivyohitaji.

Nisikufiche: Jumatatu ile nilisimama
na joho la kuazima, mikono imemeza vidole vyangu.
Hakimu akauliza swali moja tu:
mteja wako alianza lini kutumia birika hili?
Nilikuwa na kurasa thelathini za nadharia.
Tarehe sikuwa nayo.
Wakili wa upande wa pili, naam, wa orofa ya saba,
mwenye mvi na saa nzito,
hakuhitaji hata kunyoosha mgongo.
Wiki tatu, akasema hakimu. Leta ushahidi.
Nililia garini, nimewasha redio hadi mwisho nisijisikie.

Nikaenda Barka, kwa Khalfan mpika halua,
mwenye kovu la sukari ya moto kwenye kigasha.
Tangu zamani, akasema.
Zamani si tarehe, nikamwambia.
Siku mbili tukapekua ghala, na siku ya pili, magharibi,
chini ya magunia, risiti ya mpiga chapa wa Mutrah:
makopo mia tano, birika limechorwa kwa kalamu pembeni,
wino umegeuka kahawia, na tarehe.
Tarehe, Rayhana! Nilimkumbatia mke wa mzee.

Tulishinda nusu. Alama ilirudi kwake,
fidia haikuja.

Mwenzangu Asila aliichagua orofa ya saba.
Ana nyumba Al Mawaleh, na akianza kueleza hataza ya pampu
mie hunyamaza, najifunza.
Juzi alinipigia, kwa sauti ndogo,
kuuliza shahidi huhojiwaje.

Basi usiniulize ipi kubwa.
Ukienda kwenye usaili, omba hati ya mwisho waliyopeleka mahakamani,
ruka maneno yote, shuka chini kabisa:
ni jina la nani? Ana miaka mingapi kazini?
Na akikosea, nani hukesha naye kusahihisha?
(Mundhir alikesha. Alileta sambusa.)
Wakikuonyesha dirisha, sifu mandhari,
kisha rudia swali.

Mkopo wa gari usichukue kwanza.

Nipigie Alhamisi. Kesho sipatikani,
nina kesi ya manukato,
na shahidi wao nimemwandalia
swali moja tu.